Krismasi ya Mkeka na Beseni

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuwa amelala kitandani tangu kabla ya mvua za kwanza. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno mengi. Mume wangu alikuwa Itigi akitafuta riziki, na nyumba yetu, nje kidogo ya Ikungi, ilibaki na mimi, binti yangu na mgonjwa. Alfajiri nilimgeuza, nikambadilisha nguo, nikamlisha uji, halafu nikaenda kupalilia mtama. Nikirudi, naanza upya.

Mama hakuwa mtu wa kushukuru hata alipokuwa mzima. Sasa akichukizwa na uji aliutema tu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo simwombi Mungu tena. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwangalia tu.

Asubuhi ya Krismasi binti yangu alitangulia kanisani na kwaya. Mimi nilikuwa uani nachochea moto wa maji ya kumwogesha mama, nikaona mwanamke anakuja na beseni kichwani. Sikumtambua mpaka alipofika karibu. Alikuwa mke wa kwanza wa shemeji yangu.

Kila mtu kijijini anaijua habari yake. Alikaa kwenye ukoo wetu miaka kadhaa bila kupata mtoto, na mama mkwe akamtoa. Hakumtoa kwa siri. Alimtupia vyombo njiani mchana kweupe, akamwita mti usiozaa, na watu wakasimama wakitazama. Baadaye aliolewa Kintinku, akazaa. Hakuwahi kurudi kwetu.

"Nimelala kwa dada yangu hapa Ikungi," alisema baada ya salamu. "Nimesikia mama anaumwa na uko peke yako."

"Anaumwa, dada. Karibu."

Alitua beseni. Ndani mlikuwa na sabuni, mafuta ya mgando na kanga mbili zilizofuliwa. Aliingia, akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama, akamjua. Nililiona hilo machoni mwake. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilitegemea mgeni ainuke. Aliikunja tu mikono ya gauni lake akaniuliza maji yako wapi. Tulimshusha mama kwenye mkeka. Yule mwanamke alimwosha polepole, shingo, makwapa, katikati ya vidole, na alipofika kwenye kidonda cha mgongoni akapunguza mkono, akawa anamsemesha Kinyaturu, kama mtu anavyombembeleza mtoto. Mama alikuwa analia bila sauti. Machozi yalishuka upande mmoja tu.

Nami, niseme ukweli, nilikereka. Mimi niliyemgeuza siku zote hizo sikuwahi kuliliwa.

"Nenda kanisani," aliniambia. "Nitakaa naye."

Nilimvuta mpaka mlangoni. "Dada, kwa nini unafanya hivi? Huyu mama alikufanyia nini, umesahau?"

"Sijasahau." Alifuta mikono kwenye kanga. "Jana nilikuwa kwenye basi bado najiuliza kama nitafika hapa au nitaishia kwa dada. Nenda, ibada itakupita."

Kanisani nilipata nafasi kwenye benchi la nyuma. Mwinjilisti alisoma habari za mtoto aliyelazwa horini, akasema leo anataka tutafakari neema, kwamba Mungu hakungoja tuwe wasafi ndipo aje, alitukuta kwenye mavi ya ng'ombe. Watu walicheka. Hayo ndiyo niliyoyasikia. Nililala.

Nililala usingizi mzito, mdomo wazi, siku ya Krismasi, nyuma ya wazee wa kanisa. Nilipozinduka benchi lilikuwa tupu, kichwa changu kimeegemezwa kwenye kitenge kilichokunjwa, sijui cha nani. Mwinjilisti alikuwa anafunga madirisha.

"Nisamehe, mwinjilisti. Sijasikia mahubiri."

"Tulikuona," alisema. "Nikawaambia wakuache. Hata sadaka tulipitisha upande wa pili."

Nilitoka pale, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitembea bila kuharakisha. Nilikuwa nimezoea kuhesabu neema kama kitu cha watu waliovumilia vizuri, na mimi sikuwa nimevumilia vizuri. Nilikuwa nimechoka tu, nimelala, na nikaachwa nilale.

Nyumbani nilikuta ugali wa uwele na mlenda, na mama ameegemezwa mito, amepakwa mafuta. Mgeni alikuwa anamlisha. Mama alikuwa anameza.

Jioni mgeni alipoaga, mama alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Alijaribu kusema kitu. Midomo ilihangaika na hakuna neno lililotoka. Yule mwanamke alisubiri, akainama zaidi, akasubiri tena. Kisha akasema, "Haya, mama. Pumzika."

Alirudi mara mbili tena kabla ya mavuno. Mama alifariki tukiwa tunapura alizeti, na ni sisi wawili tuliomwosha. Nilimwaga maji, yeye akasugua.