Siku Nilipohesabu Wafungwa Kijiweni

Mkitaka kucheka chekeni mapema, maana aibu hii mpaka leo inanitoa jasho. Siku mshenga wangu alipokuwa anapeleka barua ya posa kwa kina Rukia, nilitakiwa nitulie nyumbani, lakini moyo ulikuwa unaenda mbio, nikaona bora nipite kijiwe cha kahawa Kariakoo, kikombe kimoja tu. (Baba yake Rukia nilikuwa sijawahi kumwona, kwao mposaji haonekani mpaka majibu yatoke.)

Nikakuta ubishi: nchi gani inafunga watu wengi zaidi. Kila mtu anataja nchi kubwa, na mimi nikiwa na wasiwasi mdomo haukai, nikadakia kwamba wote wanakosea, kubwa lazima iwe na wafungwa wengi, angalieni katika kila watu laki moja wangapi wako ndani, mtashangaa vinchi vidogo vinavyoongoza. Hawakunielewa. Nikasema basi tufanye kijiwe hiki ndiyo nchi, tuko kumi, aliyewahi kufungwa anyooshe mkono.

Nilikuwa natania. Mzee mmoja wa kofia nyeupe akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono.

Badala ya kunyamaza nikamwambia, "Mzee, umetuharibia nchi. Sasa mabinti zako atawaoa nani?" Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mara akatokea baba mdogo Salehe, ndiye mshenga wangu, kavaa kanzu, bahasha mkononi. Akampa mzee yule shikamoo, akamwambia amemkosa dukani kwake, amekuja kumchukua waongozane nyumbani Magomeni kwa ile shughuli. Kisha akaniona. Nikajua Rukia nimempoteza kwa kikombe cha kahawa.

"Kijana wenu ndiye huyu?" mzee akauliza.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa.

"Barua nitaipokea. Ila kabla sijajibu, aende akahesabu na nyumba yao."

Nikamuuliza mama, nikiwa na uhakika kwetu hakuna aliyewahi kufungwa. Mama akaacha kuchambua mchele, akanitajia wawili, na wa kwanza ni marehemu baba. Wawili, katika nyumba ya watu watano. Ukipiga kwa kila laki moja, hakuna nchi inayotufikia.

Jibu nililipeleka mwenyewe dukani kwake. Mzee akanimiminia kahawa, habari ya posa hakuigusia, na majibu bado nasubiri. Nimeapa, kijiweni sasa nakunywa tu, na nikisikia wanabishana kuhusu nchi, nalipa naondoka.