Ndege Isiyo na Mtu Ndani

Mume wangu alikuwa na mke mmoja na ndege moja, na kuna wiki nyingi sikuwa na uhakika nani kati yetu ndiye mke mkubwa. Ndege ililala chumbani kwetu, juu ya kabati, imefunikwa kitenge changu kipya. Mimi nilijifunika shuka.

Ilikuwa ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio. Mabawa yake yalinifika kifuani ukiyasimamisha, mwili wake ulikuwa wa mbao nyepesi, na injini yake, iliyotosha kiganjani, ilipiga kelele kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Alijifunza mchezo huo alipokuwa masomoni ng'ambo. Serikali ilipomhamishia Kigoma kuja kutengeneza mitambo ya redio, wenzake walibeba magodoro na masufuria, yeye alipakata ndege kwenye treni kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Mimi nilikuwa muuguzi, mtoto wa Tanga, nikapangiwa kliniki ya mama na mtoto. Tukapata nyumba Buzebazeba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mtupu ambao watu waliupita kwenda sokoni na kliniki. Alipouona uwanja ule, hakuiangalia nyumba tena.

Usidhani alikuwa mtu wa mchezo. Kwa ndege ile alikuwa na sheria nyingi kuliko mahakama. Hairuki bila mwangalizi. Hairuki kabla hajawauliza wenzake wa uwanja wa ndege kama kuna ndege ya kweli njiani, na miaka ile zilikuwa nyingi, zikileta chakula na mahema ya wakimbizi. Pangaboi la mbele haligeuzwi kuelekea watu, hata injini ikiwa imezimwa. Haipiti juu ya kichwa cha mtu, awe rafiki au adui. Mwenye hasira hashiki rimoti, na hiyo sheria niliipenda, maana Jumamosi nikitaka kulala, Ijumaa jioni nilimtafutia ugomvi. Ile aliyoirudia kuliko zote ni kwamba ikibidi kuchagua kati ya ndege na mtu, ndege inaangushwa palepale. Alikuwa akisema, "Mbao zinauzwa." Nami nilimjibu kwamba vitenge pia vinauzwa, ila sijaona.

Mwangalizi nilikuwa mimi. Kazi yenyewe ni kusimama nyuma ya bega lake na kuangalia kila ambacho yeye hakioni, kwa sababu mwenye rimoti haondoi macho kwenye ndege. Mtu akitokea, nasema ametokea upande gani. Ndege ikishuka vibaya, nawaambia watu wainame. Alinichagua kwa ajili ya sauti. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi, na nikisema jambo, linasikika hadi jikoni. Tulirusha Jumamosi alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka, kisha nikaoga na kwenda kazini.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kiha, mchuuzi wa dagaa, aliyeamka kabla ya majogoo kwenda Katonga, wanakoshukia wavuvi, kupokea mzigo. Alikuwa mcheshi na mbishi, kwa hiyo tulipatana. Miaka ile watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kwa makundi, na wengi walipelekwa makambini, lakini wenye ndugu mjini waliingia mlango wa uani kimyakimya. Nasi hatukuuliza. Ukisikia nyumba ya jirani inatwanga kisamvu kingi kuliko midomo unayoijua, unajua wana wageni, na unanyamaza.

Mgeni wa jirani yangu alikuwa binti wa mama yake mdogo. Alipita milimani kwa miguu, na mtoto alimzalia Kalinzi, upande wetu wa mpaka, kwenye banda la kahawa, wenye banda wakimchemshia maji. Mume alibaki nyuma, na habari zake hazikuja. Yote hayo niliambiwa na jirani, kwa sababu yule dada mwenyewe sikuwahi kumwona. Alikuwa hatoki nje mchana.

"Anaogopa askari?" niliuliza.

"Askari wapi. Anaogopa juu," alisema jirani, na akaonyesha angani kwa kidole. "Huko walikotoka walipitiwa na kajugujugu. Ile helikopta. Sasa kitu chochote kikilia juu, anaingia uvunguni na mtoto. Hata hizo za chakula. Hata hiki kidude cha shemeji."

Nilijisikia vibaya, na nilipomwambia mume wangu, alijisikia vibaya zaidi. Ndege ilikaa kabatini Jumamosi kadhaa. Lakini ndege za mahema hazikukaa, na dada wa watu hakutoka. Mimi kilichoninyima usingizi ni mtoto. Alikuwa amefikisha umri wa chanjo ya surua, na surua ilikuwa imeingia mjini. Kliniki tulikuwa tunapokea watoto wenye macho mekundu na vifua vinavyokoroma, na si wote waliorudi nyumbani. Uzito ningeweza kumpima kwao, ningebeba mizani. Chanjo haibebwi mfukoni. Inakaa kwenye friji, na mtoto ndiye anayeifuata. Nilituma ujumbe kwa upole, nikatuma kwa ukali, nikatuma na sukari. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba atakuja kesho. Na kesho yake ndege ya kweli ikipita asubuhi, hatoki tena.

Ndipo jirani mwenyewe akamwambia mume wangu, "Shemeji, rusha tu. Uache usiache, yeye yuko uvunguni. Labda atazoea."

Tukarusha. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na ndege ilipanda vizuri, ikazunguka juu ya uwanja mara kadhaa. Kisha injini ikakohoa, ikakatika. Mume wangu akasema, "Imezimika," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chai imepoa. Ndege isiyo na injini inashuka inakotaka, na ile ilikuwa inataka kushukia upande wa njia, ambako kina mama wawili walikuwa wanapita na ndoo za maji. Nikafungua sauti yangu yote.

"Inama! Inama! Inama!"

Wale wenye ndoo wakainama, maji yakawamwagikia. Hapo kazi yangu ingekuwa imekwisha. Lakini milango ikaanza kufunguka. Nyumba ya kwanza akatoka bibi mmoja akijifunga kitenge. Nyumba ya pili wakatoka wanaume wawili, mmoja amebeba kigoda. Wakatoka kina mama na watoto, watu ambao sikuwahi kuwaona mtaani kwetu, wote wakija uwanjani kwa haraka ya adabu, kama watu wanaochelewa ibada. Nyuma yao wakatoka wenyeji wa zile nyumba, wamevaa kandambili mguu mmoja, wanawaita warudi. Kadiri nilivyozidi kupiga kelele wainame, ndivyo walivyozidi kuja. Na kutoka mlango wa jirani yangu akatoka msichana mwembamba, mtoto mgongoni, macho ameyakaza chini, anatembea kuelekea katikati ya uwanja kama mtu anayekwenda kupokea hukumu.

"Watu mbele," nilimwambia mume wangu. "Wengi. Kila upande."

Hakuuliza maswali. Alisukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho, na ndege ikapiga kichwa ardhini kwenye matuta ya muhogo, mbali na kila mtu. Nilisikia mbao zikivunjika. Yeye alitazama kule mara moja, akaweka rimoti chini, akageuka kuhesabu watoto.

Watu wakakaa. Wale wa vigoda juu ya vigoda, wengine kwenye majani yenye umande. Wakatutazama. Nilimwona jirani yangu anakuja mbio, ameshika kiuno, na alipofika akaniuliza kwa kunong'ona, "Dada, nani amewatuma muite mkutano?"

"Mkutano gani? Nimewaambia wainame."

Alinitazama, kisha akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Kwao inama ndiyo mkutano," alisema alipopata pumzi. "Na nyie ni watu wa serikali. Wamedhani mnaandikisha wageni. Asiyekuja ataonekana amejificha."

Mimi mtu wa Tanga, Kiswahili nimenyonya, na siku ile neno langu mwenyewe lilikuwa limetoka mdomoni na kwenda kufanya kazi nyingine kabisa. Nilitamani kucheka na nilitamani ardhi inimeze. Watu wale walikuwa wametoka mafichoni kwa hofu, kwa sababu yangu, na walikuwa wamekaa wanasubiri kuambiwa watapelekwa wapi.

Mume wangu aliambiwa. Akafuta mafuta mikononi kwa suruali. "Basi tufanye mkutano," alisema. "Huwezi kumwita mtu akaja, halafu ukamwambia hukumwita."

Akasimama mbele yao, akamwamkia bibi wa kitenge shikamoo, akawapa wote amahoro, lile neno moja la kwao alilokuwa nalo. Jirani akawa mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Aliwaambia kwamba hakuna anayeandikishwa na hakuna anayepelekwa popote, na jambo la mkutano ni kile kidude kilichovunjika kwenye muhogo, ambacho wana haki ya kujua sheria zake kwa kuwa wanaishi chini yake. Akawaeleza zote, moja baada ya nyingine, kwa umakini uleule alionieleza nao mimi tulipooana. Wazee waliitikia kwa vichwa. "Ego," walisema, yaani ndiyo. Mwenye kigoda aliuliza kuhusu kuku, akajibiwa kwamba kuku pia hapitiwi juu ya kichwa.

Yule dada wa jirani alikuwa amekaa mwisho kabisa. Alisema bila kuinua macho, kwa sauti ndogo, "Muri iyo ndege harimwo nde?"

"Anauliza ndani ya hiyo ndege yuko nani," alisema jirani.

"Hamna mtu," alisema mume wangu. "Anayeiendesha ni mimi. Nasimama hapa chini."

Jirani akatafsiri. Dada akasema maneno mengi kwa mfululizo, na jirani yangu, ambaye hana neno analoshindwa kulisema, akayaleta kwa sauti ya chini. "Anasema ile ya kwao ilikuwa na mtu ndani, na hawakumwona uso. Anasema kama wewe ndiye mwenye hii, basi kabla hujairusha, uje wakuone."

Mume wangu alisema, "Ni sheria nzuri." Na hakuwa anambembeleza. Namjua. Sheria aliipokea kama wengine wanavyopokea zawadi.

Ndege ilikaa mezani wiki nyingi, ikaunganishwa mbavu kwa gundi, na kitenge changu kikapata madoa ambayo hayakutoka. Ilipopona, ile sheria mpya ikaanza. Kila Jumamosi alfajiri, kabla ya kutia mafuta, alizunguka nyumba za pembeni mwa uwanja na rimoti shingoni, anapiga hodi, anasimama mlangoni, anaamkia, anaonekana, anaondoka. Nilimtania kwamba anatembeza sura kama mgombea udiwani. Watu walimzoea, wakaanza kumpa mahindi ya kuchoma na viazi. Kwa jirani, mlango ulifunguliwa upenyo. Halafu ukafunguliwa nusu. Dada alikuwa anamtazama, anaitikia kidogo kwa kichwa, anafunga. Mimi kila siku kliniki niliangalia foleni ya chanjo, nikamtafuta, sikumwona. Mtoto mmoja wa mtaa wa pili alikufa kwa surua. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamfokea mume wangu kwa jambo la chumvi.

Jumamosi iliyofuata ndege ilikuwa juu, inazunguka vizuri, jua limeanza kushika mabati, nami nilikuwa nimesimama begani kwake natazama njia. Nikaona mlango wa jirani umefunguka wote. Dada akatoka, amejifunga kitenge safi, mtoto mgongoni. Jirani hakuwa naye, alikuwa Katonga. Akafuata njia ya uwanja, ile inayokwenda kliniki, polepole, na safari hii kichwa hakuwa amekiinamisha.

"Mtu kulia," nilisema, na sauti yangu ya wodini ilikuwa imekwenda, sijui wapi. "Ni yeye. Ana mtoto."

Mume wangu akaishusha mara moja, kama sheria inavyosema. Ikagusa nyasi, ikatembea kidogo, ikanyamaza. Dada akasimama. Akaitazama ndege pale chini, akamtazama mume wangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeudhika. Kiswahili alikuwa amekiokota kidogo kidogo uani kwa jirani, nacho alikitoa kwa lafudhi ya kwao.

"Kwa nini ushushe?" alisema. "Nilikuwa namwonyesha mtoto."

Nilipomwangalia mtoto, kweli alikuwa ametoa kichwa kwenye mbeleko, ameachama, bado anaitafuta angani. Nilikwenda kumshika mama yake mkono, na tukatembea hadi kliniki hivyohivyo, mimi na nguo zangu za nyumbani, bila kuoga, nikilia njia nzima mbele ya watu. Mtoto alichomwa sindano, akapiga kelele hadi foleni yote ikacheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani, anaangalia angani kama mume wangu ameirusha tena.