Ng'ombe Watatu Wasio na Mwenyewe

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Ernestina Qamara ni namna alivyosikiliza. Aliinamisha kichwa kidogo, akatanguliza sikio la kushoto, kisha akatulia kabisa, kama mtu anayetafuta mlio wa kengele ya ng'ombe aliyepotelea bondeni. Chuo kikuu, Dar es Salaam, wenzake walimtania kwa hilo.

"Ernestina, leo umeshika stesheni gani?" Dionis, kijana wa darasa lake, alimnong'oneza mhadhara ukiendelea. "Redio Mbulu?"

"Ndiyo. Wanatangaza majina ya waliofeli mtihani wa mikataba. Lako wamelirudia mara mbili."

Shahada aliyoisomea iliunganisha sheria na elimu ya uhalifu. Siku nyingine walijifunza sheria inasema nini, siku nyingine walijifunza kwa nini watu huivunja, na somo hili la pili ndilo lililomkalisha maktaba mpaka wafunge milango. Kwao Gendabi, chini ya mlima Hanang, alikuwa amesikia wazee wakijadili wizi wa mifugo kutwa nzima. Hakuwahi kusikia hata mmoja akiuliza mwizi alianzaje kuwa mwizi. Yeye alitaka kuuliza.

Mtu aliyemfikisha huko alikuwa mmoja: Mwalimu Hermani Sulle. Ndiye aliyemfundisha kusoma. Ndiye aliyekuja nyumbani mara tatu kumwomba Mzee Qamara asikubali posa mpaka binti amalize masomo. Watu walipokusanywa katika kijiji cha ujamaa, Hermani akachaguliwa kuwa mwenyekiti, na tawi la chama lilipotaka kujua kama Ernestina anafaa kwenda chuo kikuu, yeye ndiye aliyesimama kumsemea. Siku ya safari alitoa hotuba barabarani, basi likiwa linanguruma.

"Huyu anakwenda kusoma ili mnyonge asionewe!" alisema. "Kuanzia leo, hapa Gendabi hakuna atakayefungwa bure!"

Watu walipiga makofi. Mama yake, Zita, alilia. Mzee Qamara alimshika Hermani mkono na hakuuachia mpaka basi lilipoondoka.

Ernestina aliporudi likizo ndefu ya mwaka wa pili, alimkuta mama yake barabarani peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako wamemchukua."

Walitembea huku Zita akieleza. Polisi walikuwa wakitafuta ng'ombe walioibwa kijiji cha Getanuwas. Walipita nyumba kwa nyumba wakiongozana na mwenyekiti wa kijiji, kama utaratibu ulivyotaka. Zizini kwa Qamara walikuta ng'ombe watatu waliokatwa masikio kwa alama isiyo yake. Hawakuwa wale wa Getanuwas, lakini askari aliuliza ni wa nani. Qamara hakutaja jina. Alimgeukia mwenyekiti, akasema taratibu, "Mwenyewe atasema."

"Na Mwalimu akasemaje?" Ernestina aliuliza.

"Aliwatazama ng'ombe. Akatazama viatu vyake. Akasema, 'Mimi siwafahamu.'"

Ernestina alisimama katikati ya njia.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Wachache huwalaza kwa rafiki anayemwamini. Rafiki hunywa maziwa na kutia samadi shambani. Ndama hubaki wa mwenyewe. Na rafiki huyo hamtaji mwenye ng'ombe, hata kwa jirani, hata kwa padri. Kusema au kunyamaza ni juu ya mwenye mali. Anayemtaja hatalaziwa ng'ombe tena maishani, yeye wala wanawe.

Lakini Ernestina alijua. Alipokuwa darasa la tatu, baba yake alimpa fimbo asubuhi na mapema, akamtuma nyumbani kwa Mwalimu akamswage mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Mtamba huyo alikuwa mmoja wa wale watatu, na ndiye mama wa wengine wawili. Maziwa yake ndiyo aliyoyanywa kila siku kabla ya kwenda shule.

"Kwa nini Mwalimu asiseme tu, mama?"

"Atasemaje? Kila mkutano anasimama kutuambia wenye ng'ombe wengi ni makupe. Leo akubali kwamba kupe ni yeye?"

Kesho yake Ernestina alikwenda kwa mwenyekiti. Moyoni alimtetea njiani kote: labda alishtuka, labda hakuelewa uzito wa jambo. Hermani alimpokea kwa furaha ya kweli, akaagiza chai, akauliza habari za chuo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Mwanasheria wetu! Kaa, kaa."

Ernestina alimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama alivyozoea kujibu maswali darasani. Baba yake ameshitakiwa kwa kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Anachotakiwa ni kueleza ameipataje. Maelezo yakiaminika, anaachiwa.

"Neno lako moja linatosha, Mwalimu."

Hermani alikoroga chai. "Na lisipokuwepo?"

"Basi mahakama itajuaje? Baba hatasema, hata wamkalishe ndani miaka. Na hakuna mwingine wa kumthibitishia hakimu."

Alisema hivyo, bila kujihesabu yeye mwenyewe, ili kumwonyesha jinsi mambo yalivyo mabaya. Aliona mabega ya mwalimu wake yakishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba ameisoma sheria mpaka Dar es Salaam, akaileta, na kumkabidhi mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kujifichia.

"Umesoma vizuri, mwanangu," Hermani alisema. "Sikiliza. Mzee Qamara ni mtu mgumu. Miezi kadhaa atavumilia. Shamba lake nitahakikisha linalimwa. Lakini mimi nikisimama pale, kesho nani atanisikiliza? Kijiji kizima kitarudi nyuma."

"Mwalimu, ulisema barabarani hakuna atakayefungwa bure."

"Ile ilikuwa hotuba, Ernestina."

Alimaliza chai, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Akaaga, akaondoka.

Chuoni walifundishwa kwamba mkosaji mara nyingi hujitengenezea sababu nzuri kabla ya kutenda, na kwamba huziamini. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama za juu. Wakati ule sababu hizo hazikuwa na sura. Sasa zilikuwa na sura ya mtu aliyemshika mkono wake mdogo na kumwonyesha namna ya kuandika jina lake. Hasira ingekuwa nafuu. Alichosikia ni aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kosa kwa kumpenda mwalimu wake.

Wiki haikuisha, habari zikafika kwamba mwenyekiti atakuwa shahidi. Amekubali kuieleza mahakama kwamba ng'ombe wale hawajulikani kijijini.

Ernestina alimpelekea baba yake habari hizo mahabusu. Qamara alikuwa amekonda. Aliposikia, uso ulimkunjuka.

"Anakuja? Sikukwambia?"

"Anakuja kukukana, baba."

"Atawaona ng'ombe. Mtu hamkani ng'ombe wake mbele ya watu."

"Aliwakana zizini."

"Pale alishtuka. Askari wanashtua."

Ernestina alisogea karibu na nondo. "Baba, mtamba mwekundu nilimswaga mimi, kutoka kwake mpaka kwetu. Amesahau. Mimi naweza kusema."

"Nyamaza!" baba yake alifoka. Askari wa zamu aligeuka. Mzee alishusha sauti. "Ukimtaja wewe, nimemtaja mimi. Ndugu zako watalaziwa ng'ombe na nani?"

"Na wewe ukifungwa, baba?"

Mzee Qamara alikuna ukuta kwa ukucha. "Mwache aulizwe kwanza," alisema mwishowe. "Mbele ya ng'ombe. Akiwakataa wakiwa wanamtazama, basi... fanya ulichokwenda kusomea. Lakini hatakataa."

Siku ya kesi, Zita aliwaswaga ng'ombe watatu mpaka mahakamani kama alivyoamriwa, akawafunga kwenye mkaratusi mbele ya dirisha. Watu wa Gendabi walijaa mpaka barazani. Hermani alifika kwa baiskeli, suti yake imepigwa pasi. Ernestina alikuwa ameapa hatamwamkia. Alipopita mbele yake, mdomo ulimtangulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Hermani alijibu, akitazama chini.

Hakimu alikuwa mtu wa Ruvuma, mgeni wa mambo ya huku. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, wenyeji, na nyuso zao zilionyesha kwamba walikwisha kuelewa tangu walipowaona wale ng'ombe nje; ila wazee wa baraza hawakuja kutoa ushahidi. Hermani aliapa. Sauti yake ilikuwa ileile ya mikutanoni.

"Mwenyekiti," hakimu alisema, "geuka utazame dirishani. Wale ng'ombe ni wa nani?"

Hermani aligeuka. Yule mwekundu mwenye doa jeupe aliinua kichwa akitafuna. Kizimbani, Mzee Qamara aliegemea mbele, ameshaanza kutabasamu, kama mtu aliyemwona mgeni wake akiingia uani. Kwenye benchi Ernestina alishika ukingo kwa mikono miwili, miguu tayari kusimama. Aliinamisha kichwa, akatanguliza sikio la kushoto, akangoja mwalimu wake afungue mdomo.