Taa Nyeupe ya Jeom-rye

Ok Jeom-rye aliuza dagaa wakavu kwenye soko la samaki la Busan tangu usichana wake, na mteja wa kumzidi kete alikuwa hajazaliwa. Wazazi wao walipokufa, mdogo wake Yun-hui alikuwa bado ananyonya kidole. Dagaa ndio waliomvisha, wakamsomesha hadi chuo kikuu, wakamfikisha kwenye ndoa ya watu wenye nafasi zao huko pwani ya mashariki. Harusi Jeom-rye hakuiona. Aliambiwa wametia sahihi tu ofisini, hakuna sherehe, asifunge meza yake bure.

Wakwe hao walikuwa waumini wa hekalu moja la kale la Kibuddha lililokaa juu ya miamba, mawimbi yakilowesha ngazi zake. Kila mwaka, sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha ikikaribia, Jeom-rye alisema anakwenda huko kutundika taa ya karatasi yenye majina ya familia, ya kuombea baraka. Kila mwaka Yun-hui alimjibu kwenye simu, "Dada, kwa magoti yako hayo? Umati utakukanyaga. Nitakutundikia mimi."

Safari hii hakupiga simu. Alifunga dagaa wa daraja la kwanza kwa ajili ya mama mkwe, akapanda basi. Alitaka, mara moja tu, asimame mbele ya watu wale aitwe dada.

Uani mwa hekalu, taa za karatasi za rangi zilikuwa zimeziba mbingu. Mama mmoja wa kujitolea alikaa mezani akiandika majina.

"Jina, mama?"

"Ok Jeom-rye. Nipe nyekundu. Na hiyo iliyobonyea mwuzie mwingine, nimeshaiona."

Yule mama akaishusha kalamu. "Ok? Ukoo huo hapa haupatikani ovyo. Jina hilo si liko upande wa taa nyeupe?"

"Nyeupe ni za wafu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Wakaenda nyuma ya ukumbi mkuu, taa nyeupe zilikopangwa safu kwa safu. Kwenye karatasi iliyoning'inia chini ya mojawapo paliandikwa: Marehemu Ok Jeom-rye. Chini yake, jina la mfiwa: mdogo wake, Ok Yun-hui.

"Huitundika kila mwaka," yule mama alinong'ona. "Na hulia kwelikweli, maskini. Nasikia marehemu alikuwa mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa kinanda."

Jeom-rye akaitazama mikono yake, iliyokauka kwa chumvi. Hajawahi kugusa kinanda.

Alipoinua macho, Yun-hui huyo anakuja, amevaa hariri, amemshika mkono mama mkwe wake. Alipomwona dada yake, hatua zikamwisha. Yule bibi kizee hakugundua kitu; aliinamia taa kwa heshima, kisha akamgeukia Jeom-rye.

"Nawe umefiwa, mama?"

Jeom-rye alimtazama mdogo wake, akampa nafasi kama anavyompa mteja anayesitasita: kimya, bila kupunguza bei. Neno moja tu, "dada", na angesamehe yote, hata kinanda.

Yun-hui akamvuta mkwewe mkono. "Mama, twende, ukumbi unajaa." Kisha akamwambia Jeom-rye, kwa ile adabu wanayopewa watu wasiojulikana, "Samahani, mama. Tupishe kidogo."

Jeom-rye akawapisha.

Yule mama wa hekalu alikuwa ameshaelewa, uso umemshuka. "Niiondoe, dada? Kumtundikia mtu nyeupe na yu hai, huu ni mkosi."

"Iache. Mwaka huu amefiwa kweli."

Wakarudi mezani. Yule mama akachagua nyekundu isiyo na kasoro, akaandika Ok Jeom-rye kwa hati nzuri, polepole. Kalamu ikasita chini ya jina hilo.

"Na wa familia yako, niandike nani?"

"Hakuna," alisema Jeom-rye. "Itundike palipo na jua."