Mlio wa Lituma

Wakati wa korona, kilichonichosha roho hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa kuwafukuza ndugu za wagonjwa. Hapa Kisangani mtu haji hospitali peke yake. Anakuja na garde-malade wake, anayempikia, anayemwosha, anayelala chini kando ya kitanda chake. Amri ikaja kwamba watoke wote, na mdomo wa kuwaambia ulikuwa wangu mimi daktari. Amri ilikuwa ya haki, na bado nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika hata na mlango.

Papa mmoja, mzee mvuvi wa Yanonge, akagoma kula. Homa ilishashuka, pumzi ilisharudi, lakini yeye kaugeukia ukuta. Nikamgombeza: "Papa, ugonjwa umekuachia, sasa unataka njaa ikumalize?"

Akajibu polepole, "Sijui nani ameipika hii chakula."

Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na dawa ya hilo sikuwa nayo.

Mke wake alikuwa anashinda nje ya ua tangu nimtoe. Nikamfuata, nikamweleza ukweli wote. Hakulia wala hakunitukana, afadhali angenitukana. Akauliza tu, "Dirisha yake iko wapi?"

Asubuhi akaja na kinu, mchi na ndizi alizozichemsha. Akasimama nje ya dirisha, mbali kama ilivyotakiwa, akaanza kutwanga lituma. Nani mjini hapa asiyeujua mlio ule? Lakini mama huyu alikuwa na namna yake: anatwanga, anatulia, anagonga ukingo wa kinu. Papa akageuza kichwa.

"Huyo ni mama ya watoto," akasema, akaomba nimwinue.

Nikamlisha lituma ile tonge kwa tonge, nimevaa kama mrina asali. Machozi yalinijaa ndani ya miwani na sikuweza kuyafuta.

Siku papa aliporuhusiwa kutoka, mama alinijia na bakuli lililofunikwa. Nikashukuru, nikasema nitakula baadaye, wagonjwa wananingoja. Akavuta kiti, akakaa.

"Dokta, garde-malade yako wewe iko nani?"

Nyumbani nilikuwa nalala peke yangu chumba cha nyuma, nisiwaambukize wanangu, na sahani yangu niliikuta mlangoni.

"Basi kaa, kula. Miye niko."

Nikakaa. Nikala, naye hakuinuka mpaka bakuli likawa tupu.