Utepe wa Kupimia Mkono

Nilikuwa na miezi mitatu Geita, afisa lishe mgeni nisiyejuana na mtu. Asubuhi moja wodini nilimpima Mama Kabula mkono kwa utepe, ukasoma njano, dalili kwamba lishe yake imepungua. Yeye akashikilia kuwa anakula vizuri.

"Mkono haudanganyi, mama," nikamwambia kwa sauti, wodi nzima isikie.

"Basi utepe wako mbovu. Hebu jipime na wewe."

Nikakunja mkono wa koti kwa mbwembwe, nikajizungushia. Ukasoma nyekundu, hali mbaya kuliko yake. Wagonjwa wakaangua kicheko, nami nikacheka kuwazidi.

Mama Kabula hakucheka. Alinishika kiwiko, akauliza taratibu, "Mwanangu, huwa unakula na nani?"

Nikafungua kinywa nimtaje mtu, nikakosa jina.