Mama Mchungaji Amesikia Metal Yangu

Leo nusura nitolewe kwaya, jamani.

Nilimpa mama mchungaji lifti hapa mtaani Merrylands. Kuwasha gari tu, simu yangu ikajiunga yenyewe na spika za gari, sauti juu kabisa.

Ilikuwa albamu ya kwanza ya bendi moja ya Norway ya muziki mzito wa metal. Gitaa zinakimbia, ngoma ni kama polisi wanabisha mlango, na jamaa ananguruma kwa Kinorwe!

Nilitafuta kitufe cha kuzima nisikione. Kugeuka, mama amefumba macho, mkono uko juu.

"Huyu kijana ananena kwa lugha! Ana moto!"

Nilipumua, wacha tu. "Amina, mama."

Sasa anataka tuipige kanisani Jumapili, na mimi ndiye mfasiri.

Nani hapa anajua Kinorwe?